Mama, Muulize Daktari wa Upasuaji



Mama hutoka Mwingi alfajiri na mwanawe mwenye uvimbe tumboni, akapitia Thika hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi. Mbele ya daktari wa upasuaji huitikia, "Ndiyo, daktari," kwa kila neno. Jioni mumewe humpigia simu: "Wamesemaje?" Naye hana jibu.

Hatumlaumu. Tumelelewa kumstahi mwenye elimu. Lakini Qurani imetufunza kuwauliza wajuao pale tusipojua, na mtoto ni amana. Kuuliza kwa upole ni katika adabu.

Tuchukue mfano wa Wilms, saratani ya figo iwapatayo zaidi watoto wadogo. Aghalabu figo yenye uvimbe huondolewa yote, na mtoto huweza kuishi kwa figo moja iliyo nzima. Pengine dawa za kemo hutangulia ili uvimbe unywee, ndipo apasuliwe. Mzazi asiyeelezwa hili hudhani mwanawe amesahauliwa wodini.

Basi andikeni maswali nyumbani kabla ya safari. Kwanza: ugonjwa huu unaitwaje, na umeenea wapi? Pili: mtaondoa nini, na mtoto ataishije baadaye? Tatu: kuna hatari gani katika upasuaji, na hatari gani tukikataa? Nne: baada ya upasuaji kuna tiba gani, na turudi lini? Tano: bima ya SHA italipa kiasi gani, nasi tutafute kiasi gani? Kisha mrudilie daktari kwa maneno yako uliyoyaelewa, naye akusahihishe. Ukielewa zaidi Kikamba au Kisomali, omba mkalimani bila haya.

Swali la nne lina uzito kuliko yote. Kidonda hupona, mtoto hucheza na kula vizuri, wazazi wakaona hapana haja ya nauli nyingine. Kumbe chembe za saratani zaweza kusalia mwilini zisizoonekana kwa macho, na kemo ndiyo ya kuziandama. Tiba ikikatizwa, ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Nanyi akina baba, msimwachie mama peke yake karatasi ya idhini. Aendaye ni nani, atakayetia saini ni nani, simu ya nani itakuwa wazi: hayo yaamuliwe nyumbani. Si haki mtoto akose nafasi yake ya upasuaji kwa kuwa baba hakupatikana.

Dua tuombe usiku na mchana, kwani mponyaji ni Allah. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alituamrisha pia kutafuta dawa, na mlango wa dawa hufunguliwa kwa swali.

Ewe Mola, waponye watoto wetu, na uwape wazazi wao subira na ulimi wa kuuliza. Amin.