Tairi Kwanza, Baiskeli Baadaye

Lami ya barabara ya A1 inayopita Rongo, Awendo na Migori kuelekea Isebania humshawishi mnunuzi. Akiifikiria hiyo tu, atachagua baiskeli ya mashindano: nyepesi, yenye matairi membamba na usukani uliojikunja. Hesabu zinamuunga mkono. Tairi hubonyea chini ya uzito, kisha hujirudisha, na kila mara sehemu ya nguvu za miguu huishia kuwa joto ndani ya mpira. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 90, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, matairi laini yaliyojaa upepo humla kama wati 25. Ya meno, yenye upepo hafifu, huweza kula maradufu. Na anayekwenda kazini bila kuhema hutoa takriban wati 100 tu.

Akikata kona kuingia muramu, hesabu inapinduka. Tairi lenye paundi 100 kwa inchi ya mraba halimezi kokoto, hurushwa nazo. Nguvu ya kusonga mbele inapotelea mikononi na mgongoni. Tairi pana lenye upepo wa wastani hubonyea pale penye jiwe tu, mwili ukabaki ulipo. Shokabu za bei rahisi, kwa maoni yangu, ni mzigo: hucheza kila unapokanyaga pedali.

Huko Homa Bay, bonde la Lambwe lina udongo mweusi wa mfinyanzi. Maji hupenya kati ya tabaka zake nyembamba mno, ukavimba, ukanata, ukajaa chini ya madigadi hadi gurudumu ligome. Hapo baiskeli ya mlima inastahili heshima, kwani fremu yake ina nafasi ya kupitisha matope.

Kuna mtego mwingine. Tairi la Black Mamba, baiskeli iliyozoeleka vijijini, ni inchi 28 kwa 1½ na hukaa kwenye rimu ya milimita 635. La mashindano huhitaji 622. Kwa macho yanafanana, lakini halivaliki. La mashindano likipasuka mbali na mji, utaikokota baiskeli.

Mimi ningetafuta ya mlima ya mtumba, isiyo na shokabu, nimwombe fundi avue matairi ya meno, aweke laini ya upana wa inchi 1.75, kwa paundi 50 hivi. Wa Lambwe ayahifadhi yale ya meno, ayarudishe masika yakianza, na madigadi yabaki nyumbani.