Makali ya Masala Kulangwa

Masala Kulangwa ni shujaa mashuhuri wa ngano za Wasukuma, kabila lenye watu wengi Lagangabilili, wilayani Itilima, na kote Simiyu. Yasimuliwa kuwa zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akasalia mama mmoja mjamzito. Mwanawe, Masala, alipokua alilisaka zimwi hilo, akaliua na kulipasua tumbo. Waliomezwa wakatoka wakiwa hai. Katika kupasua, makali ya silaha yake yalimkata sikio bibi kizee, naye akakasirika hadi kijana alipomtibu. Wasukuma humsifu kwa akili yake na kwa kuwakomboa watu wake.