Fahamu kipimo cha ufanisi wa jiko kabla ya kununua

Na Mwandishi Wetu, Lindi

Msimu wa korosho, malipo ya minada ya Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI yanapowafikia wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, ndipo kaya nyingi hupata nafasi ya kununua vyombo vya nyumbani, likiwemo jiko. Kabla ya kununua, mwananchi anapaswa kuelewa maana ya asilimia ya ufanisi anayotajiwa na muuzaji.

Ufanisi wa jiko ni sehemu ya joto la kuni, mkaa au umeme inayoingia ndani ya sufuria. Joto linalobaki hupotea hewani. Jiko lenye ufanisi wa asilimia 15 hupoteza asilimia 85 ya nishati iliyolipiwa.

Tuchukue mfano wa kuchemsha lita 5 za maji. Jiko la asilimia 15 hutumia takriban gramu 360 za mkaa, na la asilimia 30 hutumia gramu 180, yaani nusu. La asilimia 45 hutumia gramu 120. Ongezeko la kwanza la asilimia 15 limeokoa gramu 180, ilhali la pili, ingawa ni sawa kwa hesabu, limeokoa gramu 60 tu. Hivyo, nafuu kubwa zaidi huipata kaya inayoachana na jiko duni kabisa.

Mwaka 2018, Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lilitoa madaraja ya majiko kuanzia 0 hadi 5. Kwa upande wa ufanisi, daraja la 3 huanzia asilimia 30 na daraja la 5 huanzia asilimia 50. Moshi na gesi ya sumu hupimwa kwa madaraja yake ya pekee. Kwa sababu hiyo, jiko banifu la mkaa linaweza kupunguza gharama na bado likawa hatari kwa anayelitumia katika chumba kilichofungwa.

Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Dkt. Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unalenga kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Kwa kaya yenye umeme, jiko la umeme lenye ufanisi wa asilimia 85 huchemsha lita hizo 5 kwa takriban nusu uniti. Mwananchi alinganishe bei ya nusu uniti na bei ya mkaa anaoutumia kwa kazi hiyo.

Dukani, muulize muuzaji mambo matatu: ufanisi wa jiko ni asilimia ngapi, nani aliupima, na je, lina alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS)? Nyumbani, funika sufuria na tumia kuni zilizokauka, kwani jiko bora nalo hupoteza joto likitumiwa vibaya. Kila gunia la mkaa linalookolewa ni fedha inayobaki kwa familia na miti inayobaki msituni.