Simu ya biashara ikizima: hesabu hasara kabla ya kumwona fundi

SOKO la simu katika mikoa ya Shinyanga na Geita limekua bega kwa bega na soko la dhahabu. Mnunuzi wa dhahabu wa Kahama, wakala wa pesa wa Nyarugusu na mwenye duka la vipuri wa Katoro wote hutumia simu kuulizia bei na kupokea malipo, na wengi wao huweka humo humo daftari la madeni. Mfanyabiashara anayepima hasara ya simu mbovu kwa malipo ya fundi peke yake, basi, anahesabu nusu.

Tuchukue mfano wa wakala anayepata kamisheni ya shilingi 20,000 kwa siku. Fundi anamwambia kioo kipya ni shilingi 60,000, lakini kinasubiriwa kutoka Mwanza kwa siku nne. Gharama halisi ni shilingi 140,000, mbali na wateja waliohamia kibanda cha jirani. Kwa hesabu hiyo simu ndogo ya tochi, iliyochajiwa na kuwekwa akiba kwenye droo, ni kitega uchumi kizuri: laini ikihamishiwa humo, menyu ya kutuma na kupokea pesa hufanya kazi bila intaneti.

Laini na kadi ya kumbukumbu havina sababu ya kulala kwa fundi. Vitoe kabla ya kukabidhi simu, na namba ya siri usimpe hata akisema anataka kujaribu kama mtandao umerudi.

Tatizo kubwa zaidi, hata hivyo, haliko kwenye kioo wala betri. Ni jina lililo kwenye laini. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na ambazo hazikusajiliwa zilianza kuzimwa Januari 20, 2020. Katika haraka ya siku zile, wasio na namba ya NIDA walisajiliwa kwa majina ya ndugu, na baadhi ya matajiri wa maduka kwa majina ya vijana wao wa kazi. Simu ikiibiwa leo, anayeweza kurudishiwa namba hiyo ni yule mwenye kidole chake. Kama kijana aliacha kazi na yuko machimbo ya Rwamgasa, au mliachana kwa ugomvi, salio la biashara liko mikononi mwa mtu mwingine kisheria. Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama ya biashara haimo, shughulikia suala hilo wakati simu bado iko mfukoni.

Ikipotea, azima simu ya mtandao uleule upige 100, kituo cha huduma kwa wateja, uombe laini na akaunti ya pesa vifungwe. Hatua hiyo hutangulia polisi na hutangulia fundi. Aidha, anayekupigia kwa namba ya kawaida akijitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja ni tapeli. Namba yake, pamoja na ile ya ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", hupelekwa 15040.

Wanunuzi wanaopashana bei kwenye makundi ya WhatsApp wana hatari yao. Tapeli huomba umsomee tarakimu 6 zilizoingia kwenye simu yako "kwa makosa". Ukimpa, anaanza kukopa kwa jina lako kwa watu mnaouziana mzigo. Dawa ni kuisajili upya WhatsApp kwa namba yako: tarakimu mpya zitaingia kwenye laini yako, naye atatolewa. Kisha weka namba ya siri ya pili katika mipangilio.

Kwa anayenunua simu nyingine, asisahau Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima na fedha za wanunuzi zikapotea. Bonyeza *#06# dukani, ulinganishe tarakimu 15 zitakazotokea na zilizo kwenye boksi, halafu dai risiti. Bila risiti, dhamana ni maneno tu.

Jambo la mwisho ni mizani ya dijitali, ambayo baadhi ya wanunuzi huipeleka kwa fundi simu kwa kuwa naye ana hauzi. Gramu ikiwa shilingi 300,000, mizani inayokosea 0.1 inahamisha shilingi 30,000 kila inapopimwa. Kwanza badili betri, weka mezani palipo sawa na pasipo feni. Ikiendelea kucheza, fundi wake awe mwenye leseni ya Wakala wa Vipimo, na baada ya matengenezo ipigwe chapa upya kabla ya kurudi kazini.