Upungufu wa damu: seli imekwama hatua gani?

Mtu akianza kuchoka ovyo na viganja vyake vikapauka, majirani humwambia ale matembele na anywe juisi ya rosela. Ushauri huo huwafaa baadhi ya wagonjwa na wengine hauwasaidii kitu. Ili kuelewa kwa nini, yabidi tuingie ndani ya mifupa, mahali seli za damu zinapozaliwa na kupewa kazi.

Kwa mtu mzima, seli hizo hutengenezwa kwenye uloto uliomo ndani ya mifupa kama nyonga, kidari, mbavu na uti wa mgongo. Humo mna seli shina, yaani seli ambazo bado hazijapangiwa kazi maalumu. Seli shina zinapogawanyika, baadhi ya seli mpya hubaki kuwa seli shina ili hazina isiishe, na nyingine hushika njia ya kukomaa. Kwenye chanzo hicho kimoja hutoka seli nyekundu zinazobeba oksijeni, seli nyeupe zinazopambana na maradhi, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda mtu anapojikata. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, James Till na Ernest McCulloch wa Toronto, Kanada, walionyesha kwa kutumia panya kwamba seli moja tu ya uloto inaweza kuzaa aina kadhaa za seli za damu.

Zinatofautianaje, ilhali zimerithi jeni zilezile zipatazo 20,000? Ni kwamba jeni hizo haziwashwi zote kwa pamoja. Seli inayoelekea kuwa nyekundu huwa na protini iitwayo GATA1, ambayo hushika sehemu fulani za DNA, ikawasha jeni za himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni, na kusaidia kuzima zile ambazo zingeipeleka seli njia nyingine.

Safari hiyo ina hatua, na kila hatua inaweza kukwama kwa namna yake. Figo ndizo zinazoagiza kazi: oksijeni ikipungua, hutoa homoni ya erithropoietini inayouhimiza uloto kuongeza seli nyekundu. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa figo sugu hupungukiwa damu hata wakila vizuri. Kisha seli changa inapaswa kugawanyika mara kadhaa, na bila asidi ya foliki au vitamini B12 inashindwa kuiga DNA yake sawasawa; hutoka seli chache, kubwa kupita kiasi. Baada ya hapo yanahitajika madini ya chuma ya kutengenezea himoglobini. Mtu anayenyonywa damu na minyoo ya safura, au mwanamke anayetokwa na hedhi nyingi, huishiwa madini hayo, na seli zake huwa ndogo na hafifu.

Mwishoni seli hutupa kiini chake, huingia kwenye mishipa na kuishi siku 120 hivi. Malaria inaweza kuipasua kabla ya siku hizo kutimia.

Kwa mwenye selimundu, seli hupita hatua zote hizo, lakini jeni ya himoglobini yenyewe ina kasoro. Kabla ya kuzaliwa, mtoto hutumia himoglobini ya aina nyingine, ambayo jeni zake huzimwa polepole baada ya kuzaliwa. Ndiyo sababu dalili huchelewa kujitokeza kwa miezi kadhaa. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023, hufuata njia hiyohiyo: seli shina za mgonjwa hutolewa, hurekebishwa ili jeni zile za kabla ya kuzaliwa ziwake tena, kisha hurudishwa mwilini. Bei yake bado ni kubwa mno kwa wagonjwa wengi wa Afrika.

Kwa hiyo upungufu wa damu ni dalili, na chanzo chake hujulikana kwa vipimo. Anayeona dalili zake aende kituo cha afya na kuomba kipimo cha picha kamili ya damu, kinachoonyesha idadi na ukubwa wa seli. Asinunue vidonge vya madini ya chuma kwa kubahatisha, hasa mwenye selimundu ambaye ameongezewa damu mara nyingi, kwa kuwa huenda tayari ana madini hayo kupita kiasi na yanaweza kumdhuru ini na moyo.