Rafiki Asituchagulie Adui

Msafiri apandaye kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa njia ya Soni huona kwenye miteremko ya Usambara mashamba yaliyokingwa kwa mistari ya majani ya gwatemala na miti, ili mvua isiuchukue udongo. Kazi hiyo wakulima wa Kisambaa waliisukuma mbele katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mkaazi wa Unguja naye, apitapo Kikwajuni na Kilimani, huona nyumba za ghorofa zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Wahisani hao wawili walikuwa mahasimu, na uhasimu wao uliitia Jamhuri yetu katika mtihani ilipokuwa bado changa.

Chanzo kilikuwa ubalozi mmoja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Zanzibar na Ujerumani Mashariki zilitambuana, na ubalozi ukafunguliwa Unguja. Aprili 26 mwaka huo huo Zanzibar iliungana na Tanganyika, iliyokuwa na uhusiano na Ujerumani Magharibi. Serikali ya Bonn nayo ilikuwa imejiwekea kanuni tangu 1955, kwamba nchi itakayoitambua Ujerumani Mashariki iwe tayari kuvunjiwa uhusiano. Ikataka ubalozi wa Unguja uondoke.

Serikali ya Muungano ilitafuta njia ya kati. Februari 1965 iliamua kwamba ubalozi huo usiendelee, ila Ujerumani Mashariki iruhusiwe kuweka Konseli Mkuu Dar es Salaam, bila ya kutambuliwa rasmi kuwa dola. Visiwani walitakiwa kuacha kitu, na Bara walitakiwa kuhatarisha kitu. Bonn haikuridhika. Iliwaondoa wataalamu waliokuwa wakisaidia kuunda kikosi chetu cha anga. Mwalimu Nyerere alijibu kwa kuitaka iondoe pia misaada yake mingine ya kiserikali.

Hasara haikuwa ndogo kwa nchi maskini. Tena, Desemba mwaka huo huo, tulipovunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, mkopo wa pauni milioni 7.5 ulizuiliwa. Lakini uhusiano na Uingereza ulirejea mwaka 1968. Ujerumani Magharibi nayo ilirudi katika miaka ya 1970 kusaidia maendeleo ya Mkoa wa Tanga. Ujerumani Mashariki tuliitambua kikamilifu mwaka 1972, wakati Wajerumani wenyewe walipokuwa wakipatana. Mwaka 1990 nchi hizo mbili zikawa moja, na ugomvi wa balozi ukabaki historia.

Sisi tunaona somo liko wazi kwa viongozi wanaokaa mezani na wafadhili hivi leo. Kukubali msaada si aibu. Miteremko ya Lushoto na nyumba za Kikwajuni ni ushahidi. Aibu ni kukubali sharti linalomkata ndugu wa Kisiwani ili wa Bara apate, au la Bara ili wa Kisiwani apate. Sharti la namna hiyo likija, lijadiliwe na pande zote mbili kabla ya kutiwa saini, na gharama yake waelezwe wananchi bila ya kufichwa.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Udongo wa Usambara hushikwa na jembe la mwenye shamba, hata kama mbegu ya majani ililetwa na mgeni.