Pikapu ya Plastiki ya Zamani: Itengeneze kwa Dola 10 au Agiza Mpya?

Boksi limekaa juu ya kabati miaka mingi. Ndani kuna pikapu ya plastiki ya kuunganisha, nusu imeshagundishwa na mtu aliyechoka njiani, tairi moja haipo, na mtoto ameshaiona. Likizo inakaribia. Binamu anayekwenda Kampala anataka jibu leo: akuletee nyingine au asikuletee? Mimi pia niliulizwa hivyo hapa Mudzipela, mtaa wa Bunia, vipande vimejaa meza ya kulia. Nilimwambia asafiri salama, pesa nikabaki nazo.

Anza na bei ya kitu kipya. Huko nje, pikapu ya kipimo cha 1/24, yaani gari la mita 5 likapunguzwa hadi sentimita 21 hivi, huuzwa mara nyingi kati ya dola 25 na 40. Si mbaya, utasema. Lakini ukiiagiza bila binamu wa kukubebea, kampuni za mizigo ya haraka ya ndege haziangalii mizani peke yake. Zinazidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, zinagawanya kwa 5,000, halafu zinakutoza kwa uzito ulio mkubwa zaidi. Boksi la 38 kwa 24 kwa 8 linahesabiwa karibu kilo moja na nusu, hata kama plastiki yenyewe ni nusu kilo. Katika uzito unaolipia, karibu kilo nzima ni hewa.

Bado dwane. TVA ya Kongo ni asilimia 16, na haipigwi juu ya bei ya dukani tu: inahesabiwa pamoja na usafiri na ushuru. Ongeza ada ya kutuma pesa kwa simu, ongeza nauli ya moto ya kwenda kuchukua mzigo. Na noti zako zikague kabla ya kutoka nyumbani. Dola yenye mpasuko mdogo tu inakataliwa, au unakatwa kitu ndipo ipokelewe.

Ukishikilia kuagiza, mwombe muuzaji atoe vipande kwenye boksi avifunge bapa. Kifurushi cha 30 kwa 20 kwa 5 kinahesabiwa kilo 0.6. Picha nzuri ya mfuniko utaikosa, mfuko utapona. Rangi za kopo usiagize kabisa: ni mzigo wa hatari, ndege haziupokei kama mzigo wa kawaida.

Sasa turudi mezani. Weka dola 10 kando na usivuke hapo.

Pesa ya kwanza ni ya gundi, na hapa wengi wanakosea kwa kununua supaglu tu. Ni rahisi, inashika kwa sekunde, ipo hadi kwenye vibanda vya kona. Lakini ikishakauka ni kavu kama kioo: gari likianguka, mlango unabanduka. Kwa gari la kukaa rafuni inatosha. Kwa gari litakaloburutwa uani, nunua gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Bei iko juu kidogo na inabidi usubiri hadi kesho, ila inavumilia kuangushwa. Vioo usivipake supaglu hata kidogo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe usiotoka. Gundi nyeupe ya seremala inafanya kazi hiyo vizuri, ikikauka haionekani.

Nyufa na mashimo hayahitaji mastiki ya kununua. Nyunyizia bikaboneti kidogo ya jikoni, dondoshea supaglu, inakuwa jiwe papo hapo. Piga msasa mapema, maana kesho itakuwa ngumu kuliko plastiki yenyewe.

Rangi ya zamani iliyopasuka je? Fundi wa moto anayo dawa: mafuta ya breki. Jaribu kwanza kwenye kipande kisichoonekana, kisha loweka bodi usiku mmoja, vaa glavu, sugua kwa mswaki uliochakaa, osha kwa sabuni. Vioo usiviloweke. Chupa ndogo inatosha, na yaliyotumika usiyarudishe kwenye breki ya mtu. Bampa zenye kromu iliyobabuka zitie kwenye maji ya javel. Kromu inatoka yenyewe. Petroli na thina ziache mbali: zinaharibu plastiki hii kabla hujageuka.

Kwa rangi mpya kuna njia tatu. Kopo la kupuliza la magari ni rahisi kupata na linang'aa, lakini ni kali. Ukilipuliza zito juu ya plastiki tupu, uso unachubuka kama ngozi iliyoungua. Pitisha ukungu mwembamba mara nne au tano, ukisubiri kila mara, au weka praima kwanza, na praima ni kopo la pili. Hiyo ndiyo gharama ambayo muuzaji hakutajii.

Njia ya pili ni fundi wa rangi wa gereji. Siku anapopaka mlango wa gari la kweli, rangi inayobaki kwenye bunduki inatosha pikapu yako, na malipo ni ya soda. Mpe kwanza kipande cha matawi ya plastiki yanayoshika vipande, ajaribu hapo. Thina yake haina huruma. Mmoja alinicheka, “Papa, hii gari inabeba abiria wangapi?” kisha akaipaka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Ya tatu ni rangi ya kucha. Kwa bodi nzima inaacha michirizi, pesa ya bure. Kwa taa nyekundu za nyuma haina mpinzani.

Tairi iliyopotea ikate kwenye ndala iliyochakaa. Zilizobaki zitazame chini: tairi laini za zamani zikigusa plastiki kwa miaka zinaitafuna, kwa hiyo paka rimu rangi kabla ya kuzivalisha. Kioo cha pembeni ni karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Antena ni tawi la plastiki lililopashwa juu ya mshumaa na kuvutwa taratibu.

Seti za mapambo za kununua ziruke. Pikapu ya Bunia inataka keria ya waya, turubai la kitambaa, kamba, na vidumu vya njano. Vumbi jekundu lichujwe kwa kitambaa, lipakwe kwa brashi kavu kwenye matairi na chini ya milango. Hapa Mudzipela halijawahi kuuzwa.

Ikiwa bodi imepinda kwa jua au chasi imekatika vipande vitatu, usitupe hata zile dola 10. Tafuta kijana anayesuka magari ya waya na bati, mpe picha ya pikapu unayotaka. Litadumu kuliko la plastiki, na likivunjika aliyelitengeneza yupo mtaani.

Kopo la rangi ulitikise kabla ya kutoa pesa. Usiposikia kigololi kikigonga ndani, lirudishe.